Mlipanda ama Hamkupanda?

Mama yangu alikuwa haondoki na gari lolote kabla ya kuliombea. Haikujalisha linakwenda wapi. Awe anakwenda Gilgil kumwona mjukuu au mjini kununua dawa ya kuku, lazima angefumba macho, amshukuru Mungu kwa gari, amtaje dereva, ayataje magurudumu, na kama wiki hiyo alikuwa amesikia habari za ajali, aitaje na breki. Wanawake wa chama chake kanisani walimzoea. Kila walipokodi gari, yeye ndiye aliyeachiwa maombi, na mimi nilikuwa nikimtania kwamba siku moja dereva atamaliza mafuta kabla yeye hajafika kwenye amina. Siku hizi simtanii tena.

Sababu ni msiba mmoja, na aliyefariki alikuwa dada yake, mama yangu mkubwa. Babu alifanya kazi ya reli, na wote wawili walizaliwa katika nyumba za reli hapa Nakuru, chumba kimoja na jiko la nje. Bibi aliwaacha mama akiwa bado mtoto wa kubebwa, na dada yake ndiye aliyembeba. Alimfunga mgongoni kwa leso akaenda naye kuchota maji, akamsuka nywele, akamfundisha kusoma kwa Biblia ya babu iliyokosa jalada. Baadaye akaolewa huko magharibi, ng'ambo ya Kakamega, na mama akabaki hapa. Kila Jumapili baada ya ibada walipigiana simu, wakaongea yale yale ya mahindi na maumivu ya magoti, na kama simu haikulia mama hakuweza kula vizuri.

Wanawake wa kanisa lao huvaa kitambaa cheupe kichwani. Ndugu hawa wawili walikuwa wamekubaliana zamani kwamba atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayemfunga kitambaa kabla jeneza halijafunikwa. Waliliongea jambo hilo wakicheka, kila mmoja akidai kuwa yeye ndiye mchovu zaidi. Kwa hiyo mama mkubwa alipofariki, binti yake alitupigia simu akasema tusiwe na wasiwasi: mwili utatoka mochari Ijumaa jioni, utalala nyumbani, na kichwa cha mama yake kitaachwa bila kitambaa mpaka mdogo wake afike Jumamosi asubuhi. Mama alinunua kitambaa kipya. Alikifua kwanza ili kilainike, akakipiga pasi, akakifunga kwa karatasi na kukiweka ndani ya mkoba wake. Hakulia sana wiki hiyo. Alikuwa na kazi ya kufanya, na kazi hiyo ilimshikilia.

Tungeweza kuondoka Ijumaa, mimi na yeye, lakini wanawake wa chama walitaka kumsindikiza, na wengi wao wana vibarua au ng'ombe wa kukamua. Wakachanga, wakakodi basi dogo kwa kampuni moja yenye ofisi hapa mjini. Tulipatana liwe mbele ya geti la kanisa Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, ili tufike kabla ibada ya mazishi haijaanza. Mimi ndiye niliyetumwa kupatana nao kwa sababu ni mwalimu na watu hudhani walimu hawadanganywi. Meneja wa ofisi alinipa mkono. "Mwalimu, saa kumi na moja ikifika mtapata gari imewasha injini," alisema. Tukalipa yote, maana nusu hawakutaka.

Saa kumi na moja ilitukuta getini na blanketi mabegani na chupa za chai. Gari halikuwepo. Nikampigia konda ambaye nambari yake tulikuwa tumepewa.

"Tuko njiani, madam. Tuko hapa Kikopey."

Kikopey ni pale karibu na Gilgil, kwenye bucha za nyama choma. Basi lilikuwa likitokea upande wa Nairobi, na kutoka pale mpaka Nakuru mtu akiwa na stori nzuri haimalizi. Tukamimina chai. Baada ya muda nikapiga tena. "Sasa ndio tunatoka Kikopey," akasema. Nikangoja, nikapiga tena. "Madam, si nilikuambia? Tuko hapa tu Kikopey." Mmoja wa wanawake akauliza kama hao vijana wamenunua shamba huko Kikopey, na mwingine akasema labda wameoa huko. Tulicheka wote, mama akiwemo. Kulikuwa bado na baridi ya alfajiri, na asubuhi na mapema mtu huamini kwamba siku ni ndefu.

Nimelifikiria sana hilo neno, njiani. Ni neno letu sote. Sijui Mkenya ambaye hajawahi kusema yuko njiani akiwa bado anatafuta soksi chini ya kitanda. Uzuri wake ni kwamba halina mahali. Ukimwambia mtu uko njiani hujamwambia uko wapi wala utafika lini, na akija kukushika huwezi kushikika. Kweli wale watu walikuwa njiani. Kila gari duniani liko njiani kwenda mahali fulani. Lao lilikuwa limepelekwa kwanza Naivasha kushusha watu wa harusi waliolipa vizuri kuliko sisi. Hilo nililijua baadaye kutoka kwa dereva mwenyewe, aliyelitaja kama mtu anayetaja hali ya hewa. Wangetuambia kweli tangu alfajiri tungejua la kufanya. Lakini gari likiwa Kikopey, utaliachaje?

Jua lilipoangaza mlima wa Menengai kicheko kilikuwa kimeisha. Wanawake wakamwambia mama, "Mathe, wewe na Mwalimu shikeni gari ya abiria mtangulie. Sisi tutawapata mbele." Nilikuwa tayari nimesimama. Mama akakataa. "Watu wameamka usiku kwa sababu yangu," alisema. "Nitawaachaje barabarani?" Nilimsihi, kisha nikamkaripia, na siku hiyo ndiyo nilijua kwamba upole wa mama yangu unaweza kuniudhi kuliko uovu wa mtu mwingine.

Binti wa marehemu akapiga simu ya video. Alisema ibada itaanza kama ilivyopangwa, kwamba mchungaji ana mazishi mengine jioni, na mawingu yameanza kukusanyika. Kama mama angependa, angeweza kumwonyesha uso wa dada yake kwa simu, endapo tutachelewa.

"Hapana," mama akasema. "Kitambaa hakifungwi kwa simu. Mwambieni anisubiri, gari liko karibu."

Mwambieni anisubiri. Alisema hivyo, kama vile aliyelala ndani ya jeneza ndiye angeamua.

Basi lilikuja watoto wa mtaa wakiwa wameshamaliza chai na kutoka kucheza. Konda aliruka chini kabla halijasimama, kijiti cha kuchokolea meno mdomoni, na hicho kijiti ndicho kilichonichemsha damu. Nilimwambia mambo ambayo mwalimu hapaswi kuyasema mbele ya geti la kanisa. Hakujibu kwa ubaya. Alikuwa amefundishwa, naona.

"Pole madam, jam imetusumbua. Lakini sasa tukisimama hapa tukiongea, tunachelewa zaidi, ama? Pandeni twende."

Alisema kweli, na kweli hiyo ilikuwa mtego. Tungefanya nini? Tungekataa kupanda, tumkose marehemu kabisa, ili tushinde mabishano? Tukapanda. Mama alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Konda akamtazama, akaona mama mtu mzima mwenye sura ya kanisa, akasema kwa heshima zote, "Mathe, tuombee basi."

Na mama akaomba. Sikutegemea afanye vingine, ni kama kumwambia mtu asipumue. "Baba, asante kwa gari hili ulilotuletea. Asante kwa dereva huyu na kijana huyu, uwabariki kazi yao na kampuni yao. Utuondolee hasira mioyoni." Hilo la hasira lilikuwa langu. Wote wakasema amina. Mimi nilikuwa nimeacha macho wazi kwa sababu ya hasira ile ile aliyoiombea, na nikamwona konda ameinua simu yake mbele ya uso. Nilidhani anatazama saa.

Sitaeleza safari. Binamu yangu, yule binti wa marehemu, alipiga simu tukiwa tumepita Kericho, akasema matone yameanza na mchungaji anawaharakisha. Akapiga tena baadaye, na mara hiyo alilia tu. Nilimtazama mama kwenye kioo cha dereva. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mkoba, akiusugua taratibu, na hakuniuliza simu ilikuwa ya nani.

Tulipofika mvua ilikuwa imekatika. Mwanamume mmoja alikuwa akipigapiga udongo kwa mgongo wa jembe ili kaburi likae vizuri, na watu walishaanza kupanga foleni ya chakula. Mama alishuka akatembea moja kwa moja mpaka pale, viatu vikizama kwenye tope, akasimama. Binti wa marehemu alikuja akamkumbatia, akamweleza walivyongoja mpaka wakashindwa, na kwamba mwishoni yeye mwenyewe alivua kitambaa chake akamfunga mama yake.

"Umefanya vizuri, mwanangu," mama akasema. Kisha akauliza, "Fundo uliweka nyuma ama pembeni?"

Binamu yangu hakukumbuka. Alijaribu kukumbuka, masikini, mikono yake ikifanya hewani kama inafunga, lakini watu walikuwa wakimsukuma na mvua ilikuwa imeanza.

"Hapendi fundo la nyuma," mama akasema. "Linamchoma akilala."

Hapo ndipo alipolia. Nimemwona mama akilia mara nyingi, lakini hivyo sijapata kumwona, na naomba nisimwone hivyo tena.

Mimi nina tabia ya kutokubali. Mama husema nilizaliwa nikiwa nimeshakasirika. Jumatatu baada ya shule nilikwenda ofisi ya ile kampuni. Meneja alinikaribisha kiti, akaniuliza kama nitakunywa soda, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza swali moja tu.

"Mwalimu, hiyo gari ikifika, mlipanda ama hamkupanda?"

"Tulipanda. Tungefanya nini?"

"Na iliwafikisha?"

"Ilitufikisha watu wakila."

"Lakini iliwafikisha. Sasa, kama haingekuja, hiyo ningekuwa na deni yako, na ningekurudishia leo hii. Lakini service mlipata. Kuchelewa ni kitu ya barabara."

Nikamwambia nitamshtaki. Hakukasirika. Alitoa simu yake, akaitelezesha kidole, akaniwekea mbele. Nilimwona mama yangu kwenye kiti cha mbele, macho yamefumbwa, akiwashukuru dereva na kijana, akiibariki kazi yao na kampuni yao. Chini yake, kwenye ukurasa wa kampuni mtandaoni, wameandika kwamba wateja wao husafiri kwa furaha na maombi. Watu wengi walikuwa wameweka alama za mikono ya kuomba.

"Huyu si ndiye mathe wako?" akauliza. "Mtu amekasirika anaombanga hivi?"

Nilinyanyuka nikaondoka. Nilijua nikibaki nitavunja kitu, na alionekana mtu ambaye angenirekodi nikivunja.

Nikaenda kwenye ofisi ya serikali ambako niliambiwa wanashughulikia malalamiko ya wateja. Ofisa alikuwa mzee kidogo, mwenye sweta, na kusema haki alikuwa mtu mwema. Alichukua muda kunieleza. Alisema sheria ipo, na ni nzuri, ila imeandikwa ikimfikiria mtu aliyelipia kitu na hakukipata kabisa. Ikija kwenye kuchelewa, sheria inampa mwenye huduma karibu mwezi mzima baada ya siku mliyopatana kabla wewe hujapata ruhusa ya kuvunja mapatano. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Kwa hiyo basi la Jumamosi alfajiri lina mwezi mzima wa kufika?"

"Waliandika wakifikiria sofa, madam," alisema kwa huzuni. "Sofa na madirisha. Hawakufikiria matanga."

Tena, akasema, ukishakubali kupokea kilichochelewa, ile ruhusa ya kuvunja inaondoka. Ukipanda, umepokea. Akaniangalia juu ya miwani kuona kama nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa vizuri sana. Aliyekupiga chenga kabisa ana hatia, lakini akikuchelewesha mpaka jambo lako liharibike, halafu akatokea akakufungulia mlango, huyo ametimiza. Inambidi tu ahakikishe umepanda.

"Lakini unaweza kudai hasara," akaongeza, labda kwa kunionea huruma. "Korti ndogo za madai ziko. Ila uonyeshe hasara yenyewe. Kuna kitu kiliharibika? Kilipotea?"

Nikamweleza habari ya kitambaa.

"Hicho kitambaa kilipotea?"

"Hapana. Mama anacho."

Aliweka kalamu chini na kutazama dirishani, ambako malori ya viazi kutoka Kuresoi yalikuwa yakipita kuelekea sokoni. Nadhani alikuwa akijaribu kunitafutia njia, na sikumwona kuwa adui. Ningefurahi kama angekuwa adui. Nilikwenda kule nikitaka mtu mmoja mwenye meza na muhuri aseme kwamba tulitendewa vibaya, na yule pekee aliyekubali kwamba tulitendewa vibaya ndiye aliyekuwa akinieleza kwa nini hilo haliwezi kusemwa.

Sikutaka kumwambia mama kuhusu ile video, lakini mtaani hakuna siri. Mwanamke mmoja wa chama alikuwa ameshamwonyesha, akidhani atafurahi kujiona. Nilimkuta jikoni, miwani imemshuka puani, simu ya yule mwanamke mkononi. Aliitazama mpaka mwisho, kisha akairudia.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewaokoa," akasema.

"Mama, wewe uliomba tu. Wao ndio wamegeuza."

"Nilikuwa nashukuru Mungu." Aliweka simu mezani ikiwa imelala kifudifudi. "Wao ndio wakaitika."

Nilitaka tuendelee na kesi. Nilikuwa na maneno tayari, na mwalimu mwenzangu alikuwa amenipa namba ya wakili. Mama hakutaka kusikia. Alisema akienda kortini watamwekea ile video mbele ya hakimu, naye ataulizwa kama sauti ni yake, na atasema ndiyo. Hakuwa tayari kusimama mahali popote kuikana sala yake. Ilibidi niache. Niliacha vibaya, nikiwa na kinyongo, na sehemu ya kinyongo hicho ilikuwa juu yake, na bado hakijaisha.

Mwaka huu wanawake wa chama walialikwa Subukia, kijana wa mmoja wao alikuwa akipeleka mahari. Walikodi gari kwa watu wengine. Niliwasindikiza kwa sababu siku hizi mama hapendi kusafiri bila mimi. Tulipofika getini tulilikuta gari linatungoja, injini inanguruma, dereva anapangusa kioo. Wanawake walipiga vigelegele kabla hata ya kwenda popote.

Tukapanda. Mama akakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, ule ule. Konda, kijana mwingine kabisa asiyejua lolote, akageuka. "Mathe, tuombee tutoke."

Gari lote likainamisha vichwa na kungoja. Mama hakufumba macho. Alikuwa akitazama mikono ya yule kijana, kama ina simu.

"Nitaomba tukifika," akasema.

Konda akacheka, akidhani ni utani wa wazee. Wanawake walitazamana, na mmoja nyuma akaokoa jambo kwa kuomba kwa haraka sala fupi isiyo na magurudumu wala breki. Tukaondoka.

Subukia tulifika mapema mno. Wenyeji walikuwa bado wanasimamisha hema na viti vilikuwa vimerundikwa kando ya ua. Wanawake wakashuka wakiimba ili kuficha aibu ya kuwahi. Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye lango la boma nilipoona mama hayupo, nikarudi kumchukua. Gari lilikuwa tupu. Alikuwa bado kwenye kiti chake, macho yamefumbwa, kiganja juu ya mkoba, na midomo inacheza. Nilisimama mlangoni nikangoja amalize, na kwa sababu kulikuwa kimya nikamsikia.

"Tumefika mapema, Baba," alikuwa akisema. "Umeona? Leo tumefika mapema, na hakuna mtu niliyekuwa nikimwahi."